Fungu la Nane

Jumatatu, 3 Machi

Mazabodi imekufa. Ile bodi kubwa inayobeba kila kitu ndani ya kompyuta — imetoa harufu ya moshi, ikazima. Mke wangu akashika kichwa. Kitabu chake cha kufundishia wakunga kimo humo, miaka minne ya kazi, na Ijumaa mchapishaji anakitaka. Nikamwambia atulie. Nabadilisha bodi tu: diski ile ile, prosesa ile ile, mfumo ule ule. Hatajua kama kuna kilichotokea! Akataka tuite fundi. Fundi wa nini, na mimi nipo? Tena mwezi jana si nilimwekea nakala kwenye flashi? Kifua mbele. Akatulia, masikini.

Jumanne, 4 Machi

Bodi mpya imefika. Nimefungua skrubu kumi na tisa, nimerudisha kumi na sita. Tatu ziko mezani zinanitazama. Nikabonyeza — kimya! Nikachomoa memori, nikaipuliza, nikairudisha, nikatukana kimoyomoyo. Mke wangu akapita na ufagio, akauliza kama swichi ya ukutani imewashwa.

Haikuwa imewashwa.

Basi feni zikazunguka, nami nikacheza kidogo. Kioo nitakiunga kesho, leo nimechoka na ushindi. Bodi ya zamani nimempa fundi redio wa pale kona achune vipuri — na boksi lake, na kitabu chake cha maelekezo, vyote. Nyumba ipumue.

Jumatano, 5 Machi

Diski imegoma. Inasema haiijui bodi hii, inataka ufunguo: tarakimu arobaini na nane, mafungu manane ya sita sita. Nani aliweka kufuli hilo? Mimi! Mwaka juzi, jirani alipoibiwa kompyuta, nikajifanya bingwa wa usalama. Mwongozo wa bodi mpya unasema kufuli lizimwe kabla ya kugusa bodi. Nimeusoma leo.

Ufunguo niliuandika mahali ambapo hauwezi kupotea. Jalada la nyuma la kitabu cha maelekezo. Cha bodi ya zamani.

Nikakimbilia flashi, kwa kompyuta ya jirani. Ndani mna kijialama kimoja tu, kile cha kubonyeza kitabu kifunguke. Kitabu chenyewe hakimo. Nimenakili mlango, nyumba nimeiacha! Mke wangu sijamwambia. Naogopa, nakiri.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi redio huchana karatasi kufungia skrubu za wateja. Kitabu changu kimebaki mbavu. Tumepekua makopo yake yote, jalada tumelipata, limechanika chini. Mafungu saba yapo. La nane limeondoka jana na redio ya mzee fulani. Fundi anampigia, hapatikani.

Nimerudi, mke wangu kakaa kwenye kiti changu, vidole tayari; kioo kinadai ufunguo, amekiona mwenyewe. Nisome, yeye aandike. Anasema amesoma miandiko ya madaktari miaka ishirini, wangu ndio umemshinda. Nikasoma polepole kuliko siku zote za maisha yangu. La tano. La sita. La saba. Haya, la mwisho, akasema. Nikasema nina kiu.

Naandika haya jikoni, glasi ya maji pembeni, sijainywa. Fundi bado kimya. Mke wangu anaita kutoka sebuleni, anacheka: mume wangu, mbona unahangaika hivyo, ikigoma si nampelekea mchapishaji flashi? Ameshaitia kwenye mkoba.