Chapati za Maji za Fundi Mwashi

4 Machi

Dada yangu,

Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Sisi huku wazima, na njaa haituwezi.

Katika barua yako unasema tangu mama yao afariki watoto wangu wanahitaji nyumba yenye mwanamke, na kwamba utakuja kuwachukua. Dada, mimi ni fundi mwashi. Sijawahi kushindwa na kitu kinachokorogwa. Kila Jumamosi tunapika chapati za maji. Unga naurundika, nafanya shimo katikati kama ninavyofanya na saruji. Chiriku anamimina maziwa huku akinisimulia mambo ya darasa zima, na mdogo wake, Bonge, anapasua mayai. Maganda tunayatoa kwa kijiko. Ya kwanza huungua, hiyo ni yangu.

Watoto hawaendi popote.

Mdogo wako

12 Machi

Mdogo wangu,

Sijambo, mgongo ni ule ule. Nafurahi mnashiba, lakini mtoto halelewi kwa chapati za Jumamosi tu. Nimeshawaulizia nafasi shuleni huku. Nakuja wiki ijayo nijionee mwenyewe. Funga nguo zao.

Dada yako

2 Aprili

Dada yangu,

Ulifika salama? Uliondoka bila kuaga vizuri, na tangu hapo kimya, basi acha nianze mimi.

Ulipoingia jikoni ulimpokonya Bonge mwiko, ukasema ataungua. Ukapika zako, nyembamba, hata moja haikuchanika. Sina ubishi, wewe ni bingwa. Watoto wakala, wakashukuru kwa adabu kama wageni. Kisha Chiriku akakuuliza, "Shangazi, huko kwako nitapika na nani?" Ukachukua mkoba wako ukaondoka peke yako.

Niliudhika, sikufichi. Lakini baadaye nikakaa nikafikiri. Wanao wamehama, kila mmoja ana kwake, na nyumba yako imepoa. Hukuja kwa sababu mimi nimeshindwa kulea. Ulikuja kwa sababu umechoka kula peke yako. Si ungesema tu, dada?

Watoto siwatoi, na wewe siwezi kukuacha hivyo. Njoo ukae nasi. Ila jikoni kwangu wapishi ni wao, sisi wakubwa tunasaidia.

Mdogo wako

9 Mei

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa wapishi wako.

Barua yako niliisoma nikakasirika, nikaitupa kabatini. Juzi nikaisoma tena, nikalia. Siku hizi nawasha redio asubuhi ili nisikie tu mtu akinisalimia. Hata wanangu sijawaambia hilo, maana mimi ndiye mkubwa, na nimezoea kuwaambia wengine cha kufanya.

Kwa hiyo nakuambia wewe. Nilikuja kuwachukua watoto wako, kumbe aliyetaka kuchukuliwa ni mimi.

Ijumaa nakuja. Njooni wote stendi mnipokee, mizigo ni mingi.

Dada yako