Usukani Mzito

Jumanne, Weston, Toronto

Usukani wa pikapu bado mzito. Nimeongeza mafuta ya pawa stelingi, nimefunga mkanda mpya wa pampu yake, wapi. Leo nikaegemeza bisibisi ndefu kwenye pampu, mpini sikioni, injini inanguruma. Malori yote ya Tanga nilikuwa nayasikiliza hivyo hivyo. Toronto nzima hakuna fundi anayejua hilo. Pampu mbovu hulia; hii haikulia hata kidogo.

Bila hii pikapu mimi ni mzee wa kukaa dirishani tu.

Nikamwita binti yangu Rehema. "Hewa imeingia kwenye mipira ya mafuta. Kaa uzungushe usukani itoke, mimi natazama."

Akazungusha kwa mkono mmoja, mwingine umeshika simu. Kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho. Matairi yanamfuata.

"Baba, mbona laini?"

"Injini imeshapata moto, ndiyo maana. Hujui magari wewe."

Akashuka. Nikakaa mimi. Mikono miwili, meno nimeuma, usukani ukanigomea katikati, naye amesimama pale anaona.

Gari ni zima. Mikono yangu ndiyo imeisha.

Nikamwambia naagiza pampu mpya. Rehema, anayebishia kila kitu, akasema, "Sawa, Baba."