Fulana ya kitindamimba

Shoga, niko bafuni kwa dada yangu mkubwa, nimejifungia. Usipige simu, soma tu.

Si unaijua ile riwaya tunayosoma, ya familia ambayo mtoto wao anashtakiwa kwa mauaji? Leo dada kaalika wageni chai, na mbele yao kaikalia kama hakimu. "Mama gani anafua shati lenye damu ya mtu? Mimi ningemshika mwanangu mkono mpaka polisi."

Mpaka polisi. Kasema mara mbili, na wageni wakaitikia.

Chai haijapoa, jirani huyo mlangoni kabeba jogoo wake, shingo inaning'inia. Eti kitindamimba wa dada kampiga jiwe.

Dada hakupepesa jicho. "Mwanangu? Huyo hata nzi humwonea huruma."

Na mtoto kajibanza nyuma ya mlango, damu kifuani, manyoya kichwani. Sisi tunamwona, jirani hamwoni. Wageni wote macho kwenye vikombe. Mkuki kwa nguruwe, shoga.

Sasa utauliza bafuni nafanya nini. Nafua fulana. Dada kanisukumia mikononi, kisha akaninong'oneza: "Tumia maji baridi. Yule mama wa kwenye riwaya aliponzwa na maji ya moto."