Keki ya Limau Iliyobaki Jikoni mwa Kanisa

Mwaitu mpendwa,

Nimerudi kukuita kwa Kikamba kwa sababu ndivyo nilivyokuita kabla sijajifunza kuona haya. Baadaye nilikuita Mama, na nilipoanza kazi Nairobi nikakuita Mum mbele ya watu wa ofisini. Kila nilipobadilisha jina nilikuwa nasogea mbali nawe kidogo, na wewe uliitika yote.

Nina jambo la kukiri. Ni kuhusu keki yako ya limau, ile ya siku ya harusi yangu. Ulijua nilichofanya na hukuniuliza hata siku moja. Sasa ni miaka miwili tangu tukuzike, na kila nikikumbuka siku ile natamani ardhi inimeze.

Keki hiyo uliitoa Magadi. Kabla hatujahamia Kitengela ulikuwa ukipika kwa mke wa injinia mmoja katika nyumba za kampuni ya magadi, kwenye lile joto ambalo siagi ilijiyeyukia yenyewe mezani. Ndiye aliyekufundisha: ratili moja ya siagi, ratili ya sukari, ratili ya unga, ratili ya mayai. Mkataba ulipoisha walirudi kwao, na wewe ukabaki na keki.

Tulipofika Kitengela, mwanzoni mwa miaka ya tisini, hatukuwa na mizani wala oveni. Mizani tuliifuata buchani. Unakumbuka vile mzee wa bucha alivyokusalimu kwa Kimaasai, "Takwenya," nawe ukajibu "Iko" kana kwamba umezaliwa Bisil kwa Wamaasai? Alifuta mizani yake, akatandika gazeti safi, akapima unga wako katikati ya maini na mbavu za mbuzi. Mayai uliyapima mwisho, ndani ya mfuko, huku wanunuzi wa nyama wakisubiri. "Mama, leo unanunua ama unauza?" alikutania. Wewe hukucheka. Ulikuwa ukiangalia mshale.

Malimau ulimwagiza mama wa mboga aliyeleta nyanya kutoka Loitokitok. Maganda yake tuliyakwaruza kwa bati ulilolitoboa matundu kwa msumari, nami nikajichuna vidole kila mara. Siagi na sukari ulivipiga kwa mwiko mpaka vikawa vyeupe. Kisha ulitia mchanga ndani ya sufuria kubwa, ukaiweka kwenye jiko la makaa, ukaingiza ile ndogo yenye keki, ukafunika na kupanga makaa mengine juu ya kifuniko. Kazi yangu ilikuwa kukaa hapo na kuyaangalia. "Usifungue," uliniambia. "Hii keki ikiona baridi itashtuka ianguke." Niliamini kabisa kwamba keki hushtuka.

Ilipoiva uliidunga kote kwa njiti ya ufagio mpya uliyoichemsha, ukaimwagia maji ya limau yaliyochemshwa na sukari, polepole, kijiko baada ya kijiko. Ilikunywa yote. Siku ya tatu bado ilikuwa laini kiasi kwamba ukiibonyeza kwa kidole inarudi. Nilikuwa na miaka tisa, na sikuwa nimeona mtu mwenye akili kukushinda.

Kuona haya kulinianzia shule ya bweni. Siku ya wazazi ulinijia na keki ndani ya kikapu, na msichana mmoja akauliza, "Kwani keki yenu ilipikiwa moshi?" Wenzangu wakacheka huku wakiimaliza. Nami nikacheka. Hilo tu, Mwaitu, kicheko kimoja cha wasichana walioshiba keki yako, nami nikakibeba miaka kumi mizima.

Harusi yangu na Njoroge ilipokaribia, kila kitu kilikuwa mikononi mwa kamati. Hukugombania hema wala chakula wala rangi za nguo. Uliomba kitu kimoja. Unajua zile keki ndogo ambazo bibi na bwana harusi huwapelekea wazazi, wakipiga magoti, baada ya kukata ile kubwa? Ulisema, "Ile ya mama yake Njoroge niachie mimi. Bado niko na mikono." Nilikuambia sawa.

Mama yake Njoroge ni mwanamke wa duka la vifaa vya ujenzi pale Kajiado mjini, mwenye sauti kavu na gari lake mwenyewe. Nilimwogopa. Nilidhani anatuangalia sisi watu wa nyumba ya kupanga na kutuhesabia kasoro. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi uliponikabidhi keki kwenye sahani yako ya maua, imefunikwa kwa kitambaa ulichokishona kwa mkono, sikuona kitambaa. Nilichungulia chini yake, nikaona upande mmoja ambapo makaa yalizidi ukaungua kidogo, na katikati palipobonyea. Nikanusa moshi. Nikasikia wale wasichana wanacheka.

Kanisani, kabla ya ibada, niliingia jikoni ambako akina mama walikuwa wanamenya viazi, nikaiweka nyuma ya chupa za chai, mahali ambapo mtu hatupi jicho. Kisha nikamwambia aliyeleta keki kubwa kutoka Nairobi atoe moja ya zile ndogo za ziada, nyeupe, yenye maua ya sukari. Nilifanya hivyo nikiwa na gauni langu jeupe.

Sikujua kwamba ulikuwa umewaambia wenzako wa chama cha akina mama. Nilijua baadaye kwamba meza yenu nzima ilikuwa ikiingoja. Mshereheshaji alipotangaza keki ya mama wa bwana harusi, nilikuona umeinuka nusu, umeshika ukingo wa meza, una tabasamu ambalo hukuwahi kulivaa kwa picha. Njoroge akaifunua. Ilikuwa nyeupe pe. Ulibaki hivyo hivyo, nusu umekaa na nusu umesimama, halafu ukaanza kupiga makofi. Ulipiga mpaka wengine walipoacha.

Nami nikapiga magoti mbele ya mama wa mtu mwingine.

Jioni, hema likishushwa, mama mmoja wa jikoni alikuja na sahani yako. Ilikuwa imeoshwa, kitambaa kimekunjwa juu yake. "Mama Mumbua, asante," alisema. "Tuliikuta nyuma ya chai tukasema hii ni ya wapishi. Tumeimaliza. Nani alikufunza kuoka hivyo?" Nilikuwa nimesimama hapo hapo kando yako. Ukaniangalia mara moja tu. Kisha ukamgeukia ukasema, "Ndiyo, ilikuwa yenu. Mmefanya kazi mingi leo."

Natamani ungenizaba kofi mbele ya watu wote.

Tangu siku hiyo hukuja kwangu na keki tena. Ulikuja na mkate wa dukani, bado umefungwa katika karatasi yake, ukauweka mezani na kusema, "Huu uko sawa." Hukusema kwa hasira. Ulifanya nilivyotaka, na nilikula mkate huo miaka minne bila kufungua mdomo kuomba msamaha. Nilijiambia nitakuambia Krismasi, nitakuambia mtoto akizaliwa, nitakuambia ukipata nafuu. Hukupata nafuu.

Mwezi uliopita binti yangu aliniuliza ulikuwa unapika nini. Nilijaribu kumwokea katika oveni yangu ya umeme, mara mbili, na mara mbili ikatoka kavu kama matofali. Basi nikarudi buchani na unga. Yule mzee bado yuko, kichwa chote cheupe. Aliniangalia nilivyoweka mayai kwanza, akayatoa. "Mama yako alikuwa anapima mayai mwisho," akasema, "yasivunjwe na hiyo unga." Nilipima pale huku machozi yananitoka, na waliokuja kununua nyama wakajifanya hawaoni.

Nilioka kwa sufuria na mchanga, makaa juu. Niliidunga kwa njiti ya ufagio. Ikabonyea katikati na kuungua upande mmoja, na ilikuwa laini, Mwaitu, ilikuwa yenyewe. Nusu nilimpa mtoto. Nusu niliifunika kwa kitambaa chako nikaipeleka Kajiado kwa mama yake Njoroge, kwa sababu ilikuwa yake.

Alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya duka. Alionja, akafumba macho kidogo. "Hii naijua," akasema. "Mama yako aliniletea wiki moja baada ya harusi. Aliniambia ulisahau ya kwanza jikoni juu ya haraka, ikaliwa, ukalia sana, ukamtuma aoke ingine." Akaonja tena. "Ndiyo nilianza kukupenda, kusema ukweli. Nilikuwa nafikiri unajisikia."

Sikuweza kuketi. Miaka yote nilidhani mwanamke huyu amenipenda kwa elimu yangu na kazi yangu ya ofisini. Ulikwenda Kajiado peke yako na keki mapajani, ukanisafisha, ukarudi nyumbani na kunyamaza. Baada ya hapo ukaniletea mikate.

Nilimwambia. Nilisimama pale katikati ya misumari na mabati, wateja wakipita, nikasema, "Mama, sikuisahau. Niliificha. Nilimwonea haya mama yangu."

Hakunifokea. Alirudisha kipande sahanini, akajipangusa vidole taratibu kwa kitambaa chako, akaniangalia, kisha ikaja ile sauti yake kavu. "Hiyo maneno," akasema, "ungeambia mama yako."

Ndiyo maana nakuandikia. Sijui barua kama hii inapelekwa wapi, nami si mtu wa kujifariji kwamba umeisoma. Nitaikunja niiweke chini ya sahani yako ya maua, ambayo kwangu ndiyo sahani ya keki sasa, mbele ya wageni wote.

Niliificha, Mwaitu. Sikuisahau. Nisamehe, na ulale.

Ni mimi mtoto wako, niliyeachiwa makaa nikayaangalia vizuri nikiwa na miaka tisa,

Mumbua