Nani Anamfahamu Huyu?

Kulwa, mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Hapa Sibwesa hatujambo. Mama yako amemaliza kuvuna ufuta, na mguu wangu unasumbua kidogo tu. Umeniandikia kwa hasira kwamba huko mjini Makanyagio mwenyekiti wa mtaa hakugongei muhuri fomu yako ya kitambulisho cha taifa mpaka majirani waseme wanakufahamu. Unauliza majirani wanahusika vipi.

Miaka ya sabini, wakati wa kujiandikisha kupiga kura, nilikuwa binti. Nilimsindikiza baba yangu ofisi ya kijiji. Tulikuwa tumehamia na ng'ombe kutoka Usukumani, na wengi walituona wapita njia. Karani akawauliza waliokuwepo, "Nani anamfahamu huyu?"

Kisha akasimama jirani yetu, Mzee Yohana. Baba akainamisha kichwa, maana ng'ombe wetu walikuwa wamekula mahindi ya mzee huyo.

"Namfahamu," mzee akasema. "Ng'ombe wake walinimalizia shamba. Mpita njia angeswaga mifugo yake akaondoka. Huyu nilimkuta alfajiri amekaa mlangoni kwangu, amekuja kuniambia mwenyewe. Mwandike."

Baba akaandikwa. Mzee Yohana alipofariki, baba alikaa matangani mpaka mwisho, kama amefiwa na kaka yake.

Huu ni mwaka wako wa pili kwenye chumba ulichopanga huko, Kulwa. Anayekaa mlango unaotazamana na wako anaitwa nani?

Niandikie jina lake.

Bibi yako