Mchunga wa Maweni

Alkhamisi, 4 Septemba 2025
Kaka Abdulnasir kaja na mgeni, Muhannad, kutoka mjini. Anatafuta mchunga! Mama kacheka mpaka akakaa chini — mboga chungu ile, mtu aifungie safari mpaka Shumba? Ati wanaitafiti, inafaa kwa dawa. Mama akampeleka kwenye shamba letu la maweni. Ua la manjano la mchunga mgeni alilipiga picha moja tu. Kisha akasimama kitambo kirefu, anatazama bahari. Sikupenda.

Jumapili, 7 Septemba
Nimekwenda kuchuma mboga. Vigingi! Vyekundu, kumi na kimoja, vimenyooka mpaka pwani, juu ya mwamba mtupu. Mchunga hauoti kwa mstari. Uko kule kwenye vishimo vya udongo baina ya mawe, na huko hakuna kigingi hata kimoja.
Nimempigia kaka. Ati patazungushwa ua, mbuzi wasiule mmea. "Weye Shadya una dhana mbaya."
Labda. Astaghfirullah, ni ndugu yangu.

Jumanne, 9 Septemba
Baada ya kusomesha skuli nimepita kwa sheha. Kila jambo la kijiji hupita kwake, na hajasikia habari ya utafiti wowote. Akaniuliza hati ya shamba anayo nani.
Nimerudi mbio. Sanduku la Mama, hati ilimo, limefungwa. Ufunguo anao shingoni. Sikumwomba — niliona haya.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimemkuta Mama ukumbini anasugua dole gumba kwa ndimu. Wino.
"Mama, umetia dole wapi?"
Kwenye karatasi za kuulinda mchunga, kasema. Kaka kazileta asubuhi. Nani kamsomea? Kaka mwenyewe. Mama macho yake hayaoni tena herufi, na kaka analijua hilo.
Kaka kaondoka kuwahi sala ya Ijumaa, kaziacha mezani wino ukauke. Atazipitia akitoka msikitini. Kurasa tatu. Nimezisoma mara mbili. Mchunga haumo. Hata jina la mmea wowote halimo. "Muuzaji" limo mara tisa, na muuzaji ni Mama.
Nimezikalia karatasi, naandika huku nikijifanya nasahihisha madaftari ya skuli. Nimwambieje? Mwanawe wa kwanza, kila sala anamwombea dua.
Watu wameanza kurudi kutoka msikitini, kanzu nyeupe. Mama kaweka ndimu chini.
"Shadya, zile karatasi. Hebu nisomee na wewe."