Kwa Meneja

Oldeani, Jumanne

Na ujanja wangu wote wa kutembea mpaka Mombasa, leo nimeumbuka. Nyumba hii kuukuu niliyonunua huitwa Kwa Meneja, nami nikawa nawaambia watalii kwamba alikaa Mjerumani, meneja wa shamba. Hata masharubu nilimpa.

Leo nimemleta Bibi Paulina wa Kansay, niliyesikia aliwahi kuishi humu.

"Kwani meneja lazima awe mzungu, we baba?" alicheka. "Alikuwa mume wangu!"

Kisha akanionyesha nyuma ya jiko. Mtoto wao wa kwanza kazikwa pale, bila hata jiwe.

Pale pale ndipo nilipokuwa nimepanga kuchimba choo kesho.

Nimempigia fundi. Choo kihamie mbele, acha kizibe mandhari yangu yote ya mlima. Bibi nimempa ufunguo wa geti, aje apande maua akitaka.